Riwaya haina mnyonya damu, filamu inaye: je, ni hadithi moja?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeangalia Thirst, ile filamu ya Kikorea ya padri anayegeuka mnyonya damu. Kila ninaposoma habari zake naambiwa imetokana na Thérèse Raquin, riwaya ya Mfaransa Émile Zola. Nikaitafuta, nikaisoma hadi mwisho. Mnyonya damu simwoni, padri simwoni. Nimekuta duka la nyuzi na vifungo, mwanamke mnyamavu na bibi aliyepooza. Je, kweli filamu imetoka kwenye kitabu kile, au ni jina kubwa la kuuzia tiketi? Halafu wenzangu wanaiita filamu ya mapenzi. Mimi niliona watu wawili wakiangamizana tu. Nani kakosea? Na kwa Kiswahili tumwite nani huyu padri, mumiani?

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umekisoma kitabu chenyewe, maana maswali mengi ninayoletewa kuhusu filamu hii huandikwa na watu walioishia kwenye damu.

Mnyonya damu yumo kitabuni, umempita tu. Rudi sura ya kumi na moja, pale kwenye mashua. Laurent, hawara wa Thérèse, anamkaba Camille, mume wa Thérèse, ili amtupe mtoni Seine, Camille anapigania roho yake, na akiona hana njia anageuza shingo na kumng'ata muuaji wake shingoni. Anazama na kipande cha nyama mdomoni. Kutoka hapo mpaka kurasa za mwisho, lile jeraha la shingo halitulii. Linawaka moto Laurent anaponyoa ndevu, linawaka akifunga kola ya shati, na usiku wa harusi anamtaka Thérèse alibusu ili limpoe. Thérèse anarudi nyuma kwa kichefuchefu. Maiti imeacha meno yake kwenye shingo ya mtu hai, na kila anapotaka kulala na mke wake, meno yanakumbusha.

Sasa fikiria unasoma hayo wewe ni mwongozaji wa filamu, na kwa miaka kadhaa kichwani una hadithi nyingine kabisa: padri aliyeongezewa damu mbaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Park Chan-wook. Wazo la padri lilikuwapo tangu anatengeneza Joint Security Area, iliyotoka mwaka 2000, na alimweleza Song Kang-ho, aliyekuwa akiigiza humo, kwamba siku moja atamvalisha kanzu. Kuitengeneza riwaya ya Zola nako kulikuwa hamu yake. Yalikuwa mawazo mawili mbalimbali, na yalipokutana, yeye na mwandishi mwenzake Jeong Seo-kyeong hawakuhitaji kuyashona kwa nguvu. Shingo iliyong'atwa ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1867, miaka 30 kabla Bram Stoker hajachapisha Dracula.

Nikuwekee hadithi mbili ubavuni, kwa haraka, kwa ajili ya wenzako ambao hawajasoma. Kitabuni tuko Paris, kichochoro cha Pont-Neuf, chenye kiza na unyevu. Bibi Raquin anauza nyuzi, vifungo na soksi. Ana mwana mgonjwa-mgonjwa, Camille, aliyemlea kwa dawa, na mpwa, Thérèse, aliyelelewa chumba kimoja na huyo mgonjwa, akinyweshwa dawa zilezile ingawa mwili wake ni mzima. Wakikua, bibi anawaozesha. Kila Alhamisi usiku wageni haohao wanakuja kucheza domino. Siku moja Camille anamleta rafiki wa utotoni, Laurent. Mengine unayajua.

Kwenye filamu duka ni la hanbok, nguo za jadi za Kikorea, na Bibi Ra ndiye mwenye duka. Kang-woo ndiye Camille, mafua hayamwishi, pua haikauki. Tae-ju ndiye Thérèse, yatima aliyeokotwa akalelewa kama mtoto wa mbwa, kisha akakabidhiwa kitanda cha mgonjwa. Domino za Alhamisi zimekuwa mahjong za Jumatano. Rafiki wa utotoni anayeletwa nyumbani ni padri Sang-hyun, ambaye tayari anakunywa damu kwa siri. Mto Seine umekuwa bwawa. Bibi anapata kiharusi, anabaki macho tu, mle na humu. Kwa mifupa ya hadithi, hakuna ulaghai: ni kitabu kilekile, na walioandika hivyo hawakukudanganya.

Lakini mifupa si jibu lenyewe. Ungeweza kuchukua mifupa hiyohiyo ukatengeneza filamu ya mauaji bila hata tone la ajabu. Mwongozaji Mfaransa Marcel Carné alifanya hivyo mwaka 1953, Simone Signoret akiigiza. Zola mwenyewe aliigeuza kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1873. Kwa nini basi Park atie mnyonya damu?

Hapa inabidi tuufungue utangulizi ambao Zola aliuandika kwa chapa ya pili, mwaka 1868. Riwaya ilipotoka, mhakiki Louis Ulbach, akijificha nyuma ya jina la Ferragus, aliishambulia kwenye gazeti la Le Figaro akaiita fasihi iliyooza. Zola hakuomba radhi. Alijibu kwamba hakukusudia kueleza tabia za watu, alikusudia kuchunguza maumbile yao. Alichagua watu wanaotawaliwa na damu na mishipa ya fahamu, wasio na hiari, wanaosukumwa na miili yao kama wanyama. Akasema amewafanyia watu wawili walio hai kazi ileile ambayo madaktari wapasuaji huwafanyia maiti. Na akakiri waziwazi kwamba roho haimo kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka isiwemo.

Neno damu, basi, ndilo nguzo ya kitabu. Laurent ni mtu wa damu: shingo nene, mashavu mekundu, tumbo na usingizi. Thérèse ni mtu wa mishipa ya fahamu. Ukiwakutanisha, anasema Zola, kinachotokea ni kama kemia, na hata majuto yao baada ya kuua ni maradhi ya mwili tu, vurugu ya mishipa inayotaka kukatika.

Park alichofanya ni kuichukua damu hiyo kwa neno lake. Kama mtu anatawaliwa na damu, basi na atawaliwe kweli, aitamani, mwili uote malengelenge asipoipata, upone akiinywa. Mpaka hapo ni Zola mtupu, sayansi ya hospitali kabisa. Kisha akamrudishia mtu huyo kile ambacho Zola alikinyofoa makusudi. Akampa roho, tena roho ya padri, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kujiuliza mwenyewe kama ametenda dhambi.

Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani ya filamu hii, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema mnyonya damu ni kachumbari iliyotiwa kuvutia vijana. Laurent wa Zola anaua kwa sababu anamtaka mwanamke na anataka kukaa kwenye kiti cha mwenzake. Sang-hyun anaua kwa huruma! Kumbuka vidonda mapajani mwa Tae-ju. Anamfanya padri aamini kwamba mumewe ndiye anayemtesa, kumbe anajijeruhi mwenyewe. Padri anaua akidhani anaokoa mnyonge. Ukweli anaujua baadaye, maji yameshamwagika. Mtu asiye na roho hawezi kutegwa kwa mtego wa namna hiyo, ni mtu mwema tu anayetegeka.

Na wema wake wenyewe umekaa vibaya tangu mwanzo. Sang-hyun ni padri wa wagonjwa hospitalini, anawapaka mafuta wanaokufa, anampigia filimbi mgonjwa aliye mahututi. Amechoka kuzika. Anajitolea kwenda kwenye maabara inayotafuta chanjo ya virusi viitwavyo Emmanuel, mahali ambapo waliojitolea kabla yake wamekufa. Anaambukizwa, anakata roho, anaongezewa damu isiyojulikana ilikotoka, anafufuka. Emmanuel, unajua, maana yake ni Mungu pamoja nasi. Anaporudi nyumbani amefungwa bandeji usoni, watu wanamsubiri njiani wakipiga magoti, wakimwita mtakatifu. Ukitazama kwa makini, safari ile ilikuwa na harufu ya mtu anayetafuta kufa bila kuitwa mwenye kujiua. Kanisa linakataza kujiua, kufia wengine linakusifu.

Kwa Korea jambo hili si la kubuni hewani. Kanisa Katoliki kule lilianzishwa na walei waliosoma vitabu vilivyotoka China. Yi Seung-hun alibatizwa Beijing mwaka 1784, akarudi akawabatiza wenzake bila padri hata mmoja kuwepo nchini. Kisha yakaja mateso ya 1801, ya 1839, ya 1866. Papa Yohane Paulo II alipokwenda Seoul mwaka 1984 aliwatangaza mashahidi 103 kuwa watakatifu kwa siku moja. Mkatoliki wa Korea amekua akisimuliwa damu ya mashahidi kama sisi tunavyosimuliwa ya mashahidi wa Namugongo, Uganda. Na Park amelelewa Mkatoliki. Niruhusu nikupe kisadifu ambacho hakithibitishi chochote, ila kimenikaa kichwani: katika mateso yale ya 1866 waliuawa mapadri tisa wa Kifaransa, na tarehe 24 Desemba mwaka huohuo Zola alichapisha kwenye Le Figaro hadithi fupi ya mke, mume na hawara, ambayo ndiyo mbegu ya Thérèse Raquin.

Padri na damu, tena, ni jambo la kila asubuhi. Anainua kikombe na kurudia maneno yaleyale: hii ndiyo damu yangu ya agano. Yohana sura ya sita haimung'unyi maneno: msipoula mwili wake Mwana wa Adamu na kuinywa damu yake, hamna uzima ndani yenu. Sang-hyun anaishi mstari huo vibaya. Anajilaza sakafuni hospitalini, chini ya kitanda cha mgonjwa aliye kwenye koma, anavuta damu kwa mpira wa dripu kama mtoto anayenyonya soda. Akiulizwa ana hoja: mgonjwa yule enzi za uzima wake alipenda kuwalisha wenye njaa, alishawahi kuwagawia keki yake, kwa hiyo angekuwa na fahamu angekubali. Hapo mimi hucheka kila mara, halafu naona aibu kwamba nimecheka. Ni hoja ya mtu aliyesoma seminari. Imepangika, ina mantiki, inanuka.

Tae-ju ni kinyume chake, na Kim Ok-bin anamwigiza kwa namna ambayo hata Song Kang-ho, mwigizaji mkubwa wa kizazi chake, anaonekana kama amesimama. (Kwenye tamasha la filamu la Sitges, Hispania, mwaka 2009 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na alistahili.) Mwanzoni ni Thérèse halisi: macho ya chini, mdomo umefungwa, mikasi mkononi karibu na koo la mume aliyelala. Akishageuzwa, hana swali hata moja. Kwake kunywa damu ni kama mbweha kula kuku. Padri anahesabu dhambi, yeye anahesabu shingo. Nyumba inapakwa rangi nyeupe tupu, ukutani na dari, taa kali usiku kucha kama mchana wa bandia, na ndani ya weupe huo wanagombana kama mume na mke wowote waliooana kwa makosa. Hizo ndizo zile sura za Zola ambazo wasomaji wengi huzilalamikia kwamba zinachosha, kurasa kwa kurasa za wauaji wawili wanaorushiana lawama kitandani. Park amezipa mabawa.

Maiti kati yao pia ametoka kitabuni. Zola anamlaza Camille katikati ya kitanda cha ndoa, baridi, kijani, aliyevimba kama alivyoonekana kwenye chumba cha maiti, kwa sababu enzi zile Paris watu waliingia mochari bure kutazama maiti nyuma ya kioo, na Laurent alikwenda asubuhi baada ya asubuhi kumtafuta aliyemuua. Filamu inamleta Kang-woo amelowa chapachapa, amekumbatia jiwe alilozamishwa nalo, anacheka, amejibana katikati yao wakiwa kwenye tendo. Zola asingekubali neno mzimu. Angesema ni mishipa. Park hajali unaitaje, mradi shuka limelowa.

Ngoja nikupitishe kwa yule bibi, maana kwenye barua yako umemtaja kwa mstari mmoja na mimi namwona ndiye mwenye hadithi. Kitabuni Bibi Raquin, mwili wote umekufa isipokuwa macho, anafahamu kwamba wawili wanaomlisha uji ndio waliomuua mwanawe. Alhamisi moja anakusanya nguvu zote za mwili ule, anainua kidole, anaanza kuandika mezani mbele ya wageni: Thérèse na Laurent wame... Kidole kinakata tamaa. Na wale wajinga, mmoja wao kamishna mstaafu wa polisi, wanaimalizia sentensi wenyewe: wamenitunza vizuri. Kisha wanarudi kwenye domino zao. Sijasoma ukatili mkubwa kuliko huo katika fasihi ya karne ya 19, na hakuna tone la damu.

Park ameligeuza. Kwenye filamu macho ya Bibi Ra yanafanikiwa, wageni wa mahjong wanaelewa. Na kuelewa kwao ndiko kunakowaua, kwa sababu Tae-ju yuko chumba kilekile. Mmoja tu, Evelyn, mwanamke kutoka Ufilipino aliyeolewa na mmoja wa wachezaji, padri anamwokoa kwa siri, akijifanya amemmaliza. Kim Hae-sook kwenye nafasi ya bibi anafanya kazi yote hiyo kwa kope.

Mwishoni vitabu vyote viwili, kama nikiruhusiwa kuiita filamu kitabu, vinamwachia yeye kiti. Zola anawaua Thérèse na Laurent kwa glasi moja ya sumu, mwanamke akiwa na kisu chake, na kumwacha bibi kizee akiwatazama kwa muda wa karibu saa kumi na mbili, kimya, asishibe. Filamu inamweka kiti cha nyuma cha gari, juu ya jabali la bahari, alfajiri ikikaribia. Umeniuliza kama ni kitabu kilekile. Mtu aliyetaka jina la Zola kwa ajili ya tiketi tu asingehangaika kumsafirisha yule bibi mpaka pale.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza, lakini kwa sisi tunaosoma kutoka huku si halali kulipita kimya. Thérèse wa Zola ni binti wa kapteni wa Kifaransa na mwanamke wa Oran, Aljeria. Kila anapochemka, Zola anatuambia ni damu ya mama yake, damu ya Afrika, inayowaka ndani ya mishipa. Hiyo ndiyo sayansi aliyojivunia. Park ameliondoa kabisa jambo hilo kwa Tae-ju, na nilidhani tumepona. Kumbe Afrika imeingia kwa mlango wa nyuma: maabara ya virusi, mahali ambapo padri anakwenda kufa na kufufuka na uovu mwilini, iko Afrika. Neno Afrika tu limetosha. Kazi mbili zilizopishana zaidi ya miaka 140 zimekuja kuchota kwetu kitu kilekile, kitu cha hatari kinachoingia kwenye damu ya mgeni. Naipenda sana filamu hii na bado naliona hilo kila ninapoitazama.

Ambalo linanileta kwenye mumiani. Hapana, usimwite hivyo. Mumiani wetu hanywi damu. Neno lilitoka Uajemi kwa njia ya biashara ya bahari, likimaanisha dawa nyeusi kama lami, na watu wa pwani wakaamini hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Likahamia kwa mtu anayekusanya damu hiyo. Enzi za ukoloni, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala, hofu ilikuwa ya watu wenye magari na mashimo, wazimamoto hasa, waliosemwa huwakamata watu usiku na kuwatoa damu ili ikatengenezewe dawa za wakubwa. Mumiani ni mtu mwenye ajira. Anachukua damu kwa niaba ya mwingine, kwa vyombo, na si maiti, wala hafufuki. Kama ndani ya Thirst kuna kinachofanana na mumiani, ni ile maabara: watu wanalazwa, damu inaingizwa na kutolewa, majina ya waliokufa hatuyajui. Bibi yangu angeitambua papo hapo.

Korea nao hawakuwa na vampaya wa jadi. Wana gumiho, mbweha wa mikia tisa anayegeuka msichana mrembo na kula maini ya wanaume, wana mizimu ya wanawake waliokufa na kinyongo, lakini mfu anayetoka kaburini kunyonya damu ni mgeni kwao kama kwetu. Kwa hiyo Park hakubeba mizigo ya Ulaya. Padri wake hana meno marefu, hutumia mikasi au chochote chenye ncha. Hakuna kitunguu saumu. Msalaba haumtishi, alikuwa anauvaa. Kilichobaki ni jua linalounguza, nguvu za kuruka juu ya majengo, na kiu.

Jina lenyewe la Kikorea halisemi kiu. Ni Bakjwi, yaani popo. Usikimbilie popobawa wa Pemba, huyo ni kesi nyingine na filamu nyingine (ambayo natamani mtu aitengeneze kwa heshima). Ila kwa Kikorea, kama kwenye ile hadithi tuliyosimuliwa shuleni, popo ni yule ambaye si ndege si mnyama, vita vikija anahama kambi. Mtu wa aina hiyo Wakorea humwita popo. Ndiye Sang-hyun: bado anaungama, bado anakunywa, anamwua mume, anamwombea mume. Hata padri mzee kipofu aliyemlea kiroho anamwomba damu ili apate kuona tena kabla hajafa, na mwana anamjibu kwa namna ambayo huwezi kuipangia kambi. Mwite mnyonya damu, au vampaya kama watoto wanavyosema. Mimi darasani namwita popo.

Kama wenzako walitazama nakala yenye msimuliaji wa Kiswahili juu yake, wasamehe. Niliwahi kuletewa moja ya aina hiyo: msimuliaji ameufanya ugonjwa kuwa Ebola, na Bibi Ra kuwa mchawi tangu dakika ya kwanza. Ile sehemu ya kope ilifunikwa na tangazo la duka la simu. Tafuta yenye sauti yake ya asili, dakika 133, kwa sababu nusu ya kazi ya sauti humo ni kumeza, kunusa na pua inayovuta kamasi. Na iangalie watoto wakiwa wamelala. Ilipotoka Korea mwezi Aprili 2009 watu walizungumza zaidi kuhusu Song Kang-ho kuonekana uchi kuliko habari ya Tuzo ya Majaji iliyopata Cannes mwezi uliofuata. Uchi wenyewe, ukikumbuka, uko kwenye tukio ambalo padri anajifanya anambaka msichana katika kambi ya waumini waliokuwa wakimsubiri kama mtakatifu. Anataka wamwone, wamchukie, wampige mawe, wakaabudu kwingine. Ni tendo la mwisho la upadri wake, na ni chukizo. Sijui mwongozaji mwingine ambaye angediriki kuliweka hivyo bila kulipamba.

Sasa mapenzi. Wewe na wenzako mnabishana juu ya vitanda, nami nasema mtazame miguu.

Tae-ju usiku hutoroka nyumbani na kukimbia barabarani peku, kilomita kwa kilomita, kisha anarudi kulala ubavuni mwa mgonjwa. Miguu imekomaa kama ya mchota maji. Usiku mmoja Sang-hyun anamkuta, anamnyanyua kwa nguvu zake mpya, anavua viatu vyake mwenyewe na kumshusha ndani yake. Viatu vyeusi vya padri, vikubwa, vinamcheza miguuni. Hakuna busu. Kwa Zola, Laurent na Thérèse hawana hata dakika moja ya namna hiyo, mara ya kwanza ni kuangushwa sakafuni, kimya kimya. Viatu ni vya Park mwenyewe.

Halafu unajua kinachofuata: uongo, bwawa, maiti kitandani, shingo ya Tae-ju ambayo Sang-hyun anaivunja kwa hasira na kujuta papo hapo, damu yake anayomnywesha ili arudi. Na asubuhi ya mwisho juu ya jabali. Amemleta bila kumwambia, mahali pasipo na mti wala ukuta. Tae-ju anajificha ndani ya buti la gari, Sang-hyun anaung'oa mfuniko na kuutupa. Anaingia uvunguni, Sang-hyun analisukuma gari. Ni kichekesho cha watoto wanaonyang'anyana shuka, na kinaendelea mpaka mwanamke anachoka. Anakwenda kuchukua vile viatu. Amevitunza wakati wote huo, yeye ambaye hakutunza uhai wa mtu yeyote. Anavivaa, anapanda juu ya boneti, anakaa pembeni yake.

Hivyo wewe hujakosea, wanaangamizana. Na wenzako hawajakosea. Mnatofautiana tu juu ya kama hivyo vitu viwili vinaweza kukaa kwenye miguu ya mtu mmoja. Jua linapotoka, miguu inageuka mkaa, kisha majivu, na viatu vinadondoka chini vikiwa vizima, bibi akitazama kutoka kiti cha nyuma bila kupepesa.